Rovaniemi -24 watoto walicheza nje, Tromsø -3 tukatetemeka wote. Kwa nini?

#1 BabaNeema_Tegeta

Heri ya mwaka mpya wadau. Kuna jambo limetushinda nyumbani, nalileta hapa kwa mnaoishi kaskazini na mliosoma fizikia.

Krismasi hii tulikuwa Aktiki. Dada yangu anaishi Oulu, Ufini, akatualika: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili (11 na 6) na mama yangu mzazi, mwenyeji wa Rombo, Kilimanjaro. Kutoka Oulu tukapanda treni hadi Rovaniemi, tukala Krismasi huko, kisha tukakodi gari hadi Tromsø, Norwei, kwa sababu mke wangu hakutaka kurudi Dar bila kuiona aurora, ile mianga ya rangi angani usiku.

Rovaniemi kipimajoto kilichokuwa nje ya hoteli kilisoma -24. Upepo hakuna, moshi wa nyumba unapanda wima. Theluji inalia kwaru-kwaru chini ya buti, ukivuta pumzi vinyweleo vya pua vinaganda. Watoto waliburuzana kwenye sleji, tunawaita kula hawataki kuingia. Mimi nilivua glavu nikapiga picha, nikaona kawaida.

Tromsø iko kaskazini zaidi, lakini ilikuwa -3. Nikasema hapa tumepona. Usiku wa kwanza tumetoka nje ya mji, tumesimama tunasubiri aurora, meno yakaanza kugongana. Mdogo analia miguu inauma. Mke wangu midomo imebadilika rangi. Tukakimbilia garini.

Mama yangu, mtu wa miaka 68, hakutetemeka kule wala huku.

Inakuwaje -3 iume kuliko -24? Na kwa nini isimguse Bibi?

#2 Pwani_ni_Kwetu

Upepo, bwana. Hakuna jingine. Mwenyewe umesema Rovaniemi moshi ulipanda wima. Mwili unapasha kitabaka cha hewa kinachoshika ngozi, na hewa ikitulia kitabaka hicho kinabaki pale. Upepo ukija unakikwangua kila sekunde na mwili unaanza kupasha upya. Tromsø ni kisiwa, kuna bahari na milima, upepo haukosi. Uzi ufungwe.

#3 Mpare_wa_Ugweno

Mleta mada, kabla ya sayansi tuambie kwanza ilikula shilingi ngapi. Kuna sisi ambao baridi tunaipata mlimani Shengena, Upareni, bure.

#4 Fundi_Hesabu

Pwani (#2), usifunge uzi haraka hivyo. Ipo fomula ya baridi ya upepo ambayo Kanada na Marekani wanaitumia tangu 2001, nimeipigia hesabu. Joto -3 na upepo wa kilomita 54 kwa saa, yaani upepo wa kugeuza mwamvuli, ngozi inahisi kama -12 au -13. Bado hujaikaribia -24 ya hewa tulivu. Ukiilazimisha fomula ikupe -24 kutoka kwenye -3, inataka upepo wa zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Upepo huo Tromsø haupo, na ungekuwepo mleta mada asingebaki na kofia wala gari.

BabaNeema, upepo wenyewe ulikuwaje?

#5 BabaNeema_Tegeta

Fundi, wa kupeperusha skafu tu. Haukuwa wa kumsukuma mtu.

Mpare, bei tuiache kwanza, mama watoto naye anasoma humu. Niseme tu wiki ya Krismasi ndiyo ghali kuliko zote. Kwenda kumwona Baba Krismasi kijijini kwake hulipi kiingilio, unalipia picha, na mtoto akishakaa naye pale picha huwezi kuikataa.

#6 Mama_Kijacho

Mimi nipo Göteborg, Uswidi, mwaka wa tisa huu. Jibu ni unyevu. Baridi kavu unaitazama tu, baridi ya maji inaingia kwenye mifupa. Hapa pwani +2 inanitesa kuliko -15 ya ndani ya nchi. Muulize yeyote anayeishi karibu na bahari atakwambia hivyohivyo.

#7 Fundi_Hesabu

Dada Mama Kijacho, unachohisi nakiamini, ila sababu yake ina tatizo. Hewa ya baridi haibebi maji mengi hata ikishiba kabisa. Kwenye -3 mita moja ya ujazo inabeba chini ya gramu 4 za mvuke. Kwenye -24 ni chini ya gramu 1. Mchana wa Dar wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 zinafika gramu 22 hivi. Tofauti ya gramu 3 hewani haiwezi kunyonya joto la mwili kiasi cha kugonganisha meno. Lazima maji yawe mahali pengine.

#8 Bukavu_Oulu

Yako kwenye nguo! Ndugu zangu, mie niko hapa Oulu na familia, tulikuja kwa mpango wa wakimbizi, watoto wangu wadogo wamezaliwa hapa. Ulizo la kwanza ni hili: Baba Neema, mulivaa nini Rovaniemi na mulivaa nini Tromsø?

Kwenye -24 theluji ni unga mkavu. Ukiangukiwa unaipangusa inatoka. Kwenye -3 au 0 inashika nguo, inayeyuka kwa joto lako, soksi inalowa kidogokidogo bila wewe kujua. Maji yanatoa joto mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25. Hapa wazazi wanaogopa siku za sifuri kuliko siku za -20. Siku ya sifuri mtoto anarudi na glavu zinachuruzika.

#9 BabaNeema_Tegeta

Bukavu, asante sana kaka. Rovaniemi kampuni ya matembezi ilituazima ovaroli nzito za mwili mzima, buti kubwa za mpira zenye sufu ndani, na glavu zinazotenga kidole gumba peke yake. Tulizirudisha kabla ya kuondoka. Tromsø tulivaa jaketi zetu, mimi na watoto jinzi, soksi za pamba. Mchana barabara za mjini zilikuwa na theluji iliyoyeyuka nusu, tukatembea humo kutafuta chakula maana maduka mengi yalikuwa yamefungwa.

#10 Pwani_ni_Kwetu

Jinzi! Jinzi kwenye Aktiki! Kaka, ulimfanyia nini mtoto wa watu?

#11 Mpare_wa_Ugweno

Kesi imeisha. Soksi za pamba zimehukumiwa.

#12 BabaNeema_Tegeta

Haijaisha Mpare. Mke wangu alikopeshwa na wifi yake suti ya kuteleza kwenye theluji, akaivaa kote kuwili, na ndani alikuwa na sufu. Hakulowa. Naye ndiye aliyebadilika midomo Tromsø. Mama naye alivaa koti lake moja, gauni la sufu, kitenge kiunoni na skafu mbili, Rovaniemi na Tromsø vilevile.

#13 Nesi_wa_Usiku

Shikamoo kwa mama yetu wa Rombo, na poleni na safari.

Mimi ni muuguzi, Tampere, Ufini. Mnaongelea hewa na nguo mnamsahau mwenye mwili. Rovaniemi watoto walikuwa wanafanya nini? Wanaburuza sleji, wanapanda kilima, wanashuka. Misuli inayofanya kazi ni jiko. Tromsø mlikuwa mnafanya nini? Mmesimama, mnatazama juu. Mtu akisimama tuli joto analozalisha linashuka sana, na nyayo zinaendelea kutoa joto kwenye theluji muda wote. Usimame saa nzima hata kwenye +5 utatetemeka.

Halafu mlikuwa mmekula saa ngapi? Umesema maduka yalifungwa. Mwili wenye njaa na usingizi haupashi vizuri.

Kwa wazazi watakaosafiri: mdogo akisema miguu inauma, mshukuruni Mungu kwamba inauma. Hatari inaanza akinyamaza. Angalieni mashavu, ncha ya pua, masikio na vidole. Ngozi ikipauka, ikiwa ngumu kidogo, na mtoto haisikii ukiigusa, ingieni ndani mara moja. Msiisugue, na msiipake theluji kama baadhi ya wazee wa zamani walivyofundisha. Ipasheni kwa ngozi ya mzazi, mkono kwenye kwapa, shavu kwenye kiganja. Rangi isiporudi nendeni hospitali. Kwenye ngozi zetu huo weupe si rahisi kuuona kama kwenye picha za vitabuni, kwa hiyo gusa, usitazame tu.

#14 Mama_Kijacho

Na mafuta jamani. Vaselini ya kutosha usoni kabla ya kutoka, wanangu wote nimewalea hivyo.

#15 Nesi_wa_Usiku

Dada yangu, hapo nakupinga kwa upendo. Ufini walilichunguza hilo kwa askari wao wa mafunzo miaka ya 1990. Waliopaka mafuta usoni hawakukingwa, na waliogandishwa ngozi walikuwa wengi zaidi miongoni mwao. Maelezo mojawapo ni kwamba mafuta yanampa mtu hisia ya joto, anachelewa kujifunika. Midomo na mikono isipasuke, paka, tena ukiwa ndani. Ila kinga ya baridi kali ni kitambaa juu ya shavu.

#16 Mama_Kijacho

Nimekuelewa muuguzi, lakini Vaselini yangu siitupi. Wanangu hawajawahi kugandishwa shavu.

#17 Daktari_Mstaafu_Iringa

Naomba niongeze jambo ambalo watu wanaogopa kulisema. Katika vita vya Korea, jeshi la Marekani liliona askari Weusi wakiumizwa na baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao Weupe waliokuwa nao. Jeshi la Uingereza nalo limeripoti jambo hilo kwa askari wake wenye asili ya Afrika. Vidole vikipata baridi, mishipa ya damu hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni. Kwa watu wengi mishipa hiyo baada ya muda hufunguka kidogo, damu ya moto ikapita, halafu ikajibana tena. Kwa wengi wetu kufunguka huko ni hafifu. Basi familia ya mleta mada ilikuwa na vidole vya Kiafrika kwenye nchi ya wavuvi wa Norwei.

#18 Bukavu_Oulu

Dokta, heshima yako. Lakini vidole ni vilevile Rovaniemi na Tromsø, mtu hakubadilisha mishipa njiani. Na mama wa Rombo je? Naye ni Mwafrika kama mie.

#19 Daktari_Mstaafu_Iringa

Ni kweli, hilo halielezi tofauti ya miji. Linaeleza kwa nini wote waliumia mapema. Kuhusu mama, kukulia mahali penye baridi kuna mchango wake, na Rombo ya juu usiku wa Julai si mchezo. Hata kwenye ripoti za Korea waliotoka majimbo ya joto waliumia zaidi. Ndiyo maana wapo wanaobishana mpaka leo ni damu au ni malezi.

#20 Mpare_wa_Ugweno

Kwa hiyo sisi watu wa milimani tumejaaliwa. Niliwaambia.

#21 Al_Matrahi

Assalaam alaykum. Sisi tuko Maskati, asili yetu Unguja. Tulikwenda Tromsø likizo ya shule ya watoto, Krismasi haituhusu lakini likizo ndiyo hiyo. Kwa wanaofikiria kwenda: pale jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana kuna mwanga wa buluu wa saa chache, basi. Tulitatizika na vipindi vya sala. Msikiti upo, tukauliza, tukaambiwa wengi pale katika siku hizo wanafuata nyakati za Makka. Asili ya rai hii ni ile hadithi ya Dajjal, mdanganyifu wa zama za mwisho, kwamba kutakuwa na siku iliyo kama mwaka, Mtume (s.a.w.) akasema kadirieni nyakati za sala. Wapo wanaofuata mji wa karibu unaochomoza jua. Kila mmoja amshike mwanachuoni wake. Chakula tulishika samaki, na samaki wao ni wa hali ya juu.

Kuhusu baridi, sisi watu wa Ghuba hatuna la kusema. Kila kitu kilikuwa baridi.

#22 Kilwa_Kisiwani

Wa alaykum salaam shekhe. Hivi Rovaniemi nako hakuna jua? Nimesoma iko kwenye Duara ya Aktiki, ule mstari ambao kaskazini yake kuna siku jua halichomozi.

#23 BabaNeema_Tegeta

Kilwa, jua lipo. Siku ya Krismasi lilichungulia kama saa 5 asubuhi na kabla ya saa 8 mchana lilishazama. Halikupanda, lilitambaa juu ya misonobari, rangi ya chungwa muda wote. Mama akaniuliza kama ni alfajiri au magharibi.

#24 Fundi_Hesabu

Mji wa Rovaniemi uko kusini kidogo ya mstari, na kijiji cha Baba Krismasi kiko kilomita 8 hivi kaskazini ya mji. Hata pale mstarini kwenyewe jua la Desemba 21 linaonekana, kwa sababu hewa inaupinda mwanga wake na kulinyanyua kidogo juu ya upeo. Na ule mstari uliochorwa kijijini ambao kila mtu anapigia picha ni wa kumbukumbu, maana Duara ya Aktiki yenyewe haitulii: inasogea kaskazini kama mita 14 au 15 kwa mwaka kwa sababu mhimili wa dunia unayumba polepole.

#25 Kilwa_Kisiwani

Kumbe hata mstari unahama! Asante. Na huyo Baba Krismasi kafikaje huko? Sisi tunafundishwa Mtakatifu Nikola alikuwa askofu wa Myra, Uturuki ya leo.

#26 Bukavu_Oulu

Kilwa, Wafini wanasema makao yake ya siri ni mlima Korvatunturi, mpakani na Urusi. Mtangazaji wa redio Markus Rautio ndiye aliyelieneza hilo tangu 1927. Rovaniemi ilikuja baadaye. Mji huo Wajerumani waliuchoma 1944 walipokuwa wanarudi nyuma, ukabaki majivu, na msanifu Alvar Aalto akachora mpango mpya wenye umbo la kichwa cha rendia, yule mnyama anayevuta sleji, na pembe zake. Mwaka 1950 Eleanor Roosevelt alikuja kuona ujenzi, wakamjengea kibanda cha magogo kwenye Duara. Pale ndipo kijiji kilipoanzia. Mie napenda kuwaambia watoto wangu hilo kuliko habari ya zawadi. Mji ulichomwa, leo watu wanatoka dunia nzima kucheka na kuufurahia. Sisi tuliotoka Bukavu neno hilo linatugusa.

#27 Mpakani_Namanga

Kaka Bukavu umenigusa mimi pia.

Swali la mfugaji: hao rendia ni wa porini au wana wenyewe?

#28 Bukavu_Oulu

Hao wa Rovaniemi wana wenyewe wote, hata ukimkuta peke yake barabarani. Kila mmoja amekatwa alama masikioni. Na usimuulize mwenyewe ana rendia wangapi, ni sawa na kumuuliza ana pesa ngapi benki.

#29 Mpakani_Namanga

Basi ni ndugu zetu hao! Kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni.

#30 BabaNeema_Tegeta

Neema alimuuliza mzee wa rendia kwa nini wengine wana pembe na wengine hawana. Akamwambia madume huangusha pembe kabla ya Krismasi, majike wanabaki nazo mpaka wanakaribia kuzaa. Kwa hiyo wale wa Baba Krismasi ni majike. Tangu siku hiyo Neema anatangaza kwamba kazi yote ya Krismasi inafanywa na akina mama.

#31 Mpakani_Namanga

Wengine ni maksai. Dume aliyehasiwa hukaa na pembe zake muda mrefu zaidi, na wafugaji wa sleji wanawapenda maksai kwa utulivu. Mwambie Neema tunamheshimu lakini asitunyime nusu.

#32 Mwalimu_Lushoto

Turudi kwenye mada. Rovaniemi mlijaribu kurusha maji ya moto hewani? Kwenye -24 yanageuka wingu jeupe papo hapo. Na hapo ndipo Mtanzania anaingia kwenye historia ya Aktiki: Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, hapa Lushoto kwetu, mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar, Osborne akapima, na 1969 wakaandika pamoja.

#33 Fundi_Hesabu

Mwalimu, heshima kwa Mpemba, ila kurusha maji si jambo lake. Maji ya moto yakirushwa yanapasuka kuwa matone madogo mno na kutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ndio unaoganda kuwa wingu. Mpemba alizungumzia maji yaliyotulia chomboni. Hata hilo wanasayansi hawajakubaliana: wengine wanasema ni kupungua kwa maji kwa mvuke, wengine ni gesi zilizomo, wengine mzunguko wa maji chomboni, na 2016 walitokea waliopima wakasema hawakuliona kabisa.

#34 Mwalimu_Lushoto

Ndiyo uzuri wake. Alipouliza walicheka, na zaidi ya miaka 60 baadaye bado wanapima. Mleta mada naye asichekwe.

#35 Nesi_wa_Usiku

Mkirusha maji hayo angalieni upepo na watoto wawe mbali. Watu wanakuja hospitali wameungua usoni kwenye -25.

#36 BabaNeema_Tegeta

Wadau, nimempigia mama Rombo kumuuliza kama mlivyotaka. Amesema vidole vya mikono vilimuuma sana Rovaniemi, kuliko Tromsø, ila aliona watoto wanafurahi akanyamaza, alikuwa anaviingiza chini ya kitenge. Tromsø anasema aliona kawaida, alikuwa anazunguka gari huku anaimba nyimbo za kanisani wakati sisi tumesimama.

#37 Pwani_ni_Kwetu

Mama huyo apewe maua yake. Lakini mmeona? Kwake -24 ilikuwa kali kuliko -3, kama kipimajoto kinavyosema. Kwa hiyo swali zima ni la nyinyi watatu, wanne mliosimama.

#38 Nesi_wa_Usiku

Alikuwa anazunguka gari. Sina la kuongeza.

#39 Mama_Kijacho

Watoto nao Tromsø walisimama na jinzi zilizolowa. Bukavu yuko sahihi, nesi yuko sahihi. Ila mke alikuwa na sufu kavu. Akili nayo ina sehemu: mtu akiambiwa -24 anajiandaa kwa vita, akiambiwa -3 anatoka na kofia mkononi.

#40 Mwana_wa_Kisauni

Niaje wadau. Mimi niko Tromsø, naendesha mabasi. BabaNeema, hiyo -3 uliisoma wapi? Na mlisimama wapi hasa?

#41 BabaNeema_Tegeta

Niliisoma kwenye simu, hali ya hewa ya Tromsø. Mjini kulikuwa na mawingu, tukaambiwa twende ndani, mbali na bahari. Tuliendesha zaidi ya saa moja, tukasimama bondeni, milima pande zote, nyota zimejaa.

#42 Mwana_wa_Kisauni

Basi hamkuwa kwenye -3 bwana! Mjini joto linaletwa na bahari. Mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka Atlantiki unapita pwani yote hii, ndiyo maana bahari ya Tromsø haigandi ingawa tuko kaskazini ya Rovaniemi kwa nyuzi tatu za latitudo. Ukiingia ndani, upande wa Skibotn na mpaka wa Ufini, anga linafunguka, joto la ardhi linapaa, hewa nzito ya baridi inateremka na kujaa bondeni. Mjini -3, huko inaweza kuwa -15 au chini yake usiku huohuo. Mawingu ni blanketi. Mlikimbia mawingu ili muone aurora, mkaliacha na blanketi.

#43 Fundi_Hesabu

Hii ni hoja nzito. Gari la kisasa lina kipimajoto kwenye dashibodi. Lilisoma ngapi?

#44 BabaNeema_Tegeta

Mimi nakumbuka -3 hapo hapo kwenye dashibodi. Mke wangu anasema ilikuwa -9. Neema anasema -11. Tumekaa mezani tunabishana.

#45 Pwani_ni_Kwetu

Hata ikiwa -11 bado haijafika -24. Upepo wa bondeni unaotoka milimani mnausahau.

#46 Mwana_wa_Kisauni

Na kihisi joto cha gari kiko mbele karibu na injini. Ukisimama na injini inanguruma kinasoma juu kuliko hewa. Kwa hiyo huenda baridi ilikuwa kali hata kuliko -11 ya Neema.

#47 Mkenya_Leeds

Nawasalimu. Nataka kuwapeleka wangu Desemba. Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kukaa Uingereza. Visa ya Shengeni, ya zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, inahitajika? Na nimeona Svalbard, vile visiwa vya Norwei, haihitaji visa, naweza kwenda huko moja kwa moja?

#48 Mama_Kijacho

Inahitajika, kibali cha Uingereza hakikuvushi. Ada ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 bure. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Omba mapema, mwisho siku 15 kabla, unaweza kuanza miezi 6 kabla.

#49 Mwana_wa_Kisauni

Svalbard yenyewe haina visa, lakini ndege zinapitia Oslo au Tromsø, na hapo ni Shengeni. Tena Svalbard iko nje ya Shengeni, kwa hiyo ukitoka huko unaingia upya. Omba visa ya kuingia mara mbili, la sivyo utakwama. Na Desemba huko ni giza totoro, hata ule mwanga wa buluu wa mchana hakuna. Kwa watoto mimi ningesema Machi: theluji ipo bado, jua lipo, bei imeshuka, na aurora karibu na Machi 20 huwa nzuri.

#50 Mkenya_Leeds

Asanteni. Ila Machi shule hazifungwi, na watoto wanamtaka Baba Krismasi.

#51 Bukavu_Oulu

Njoo Desemba, ndugu. Mutapata jua la muda wa saa mbili hivi na theluji safi. Munapofika ulizeni ovaroli, na musizirudishe mpaka siku ya kuondoka.

#52 BabaNeema_Tegeta

Mkenya, aurora tuliiona, kijani, kama dakika ishirini, baada ya watoto kupata joto garini. Mdogo alikuwa amelala tukamwamsha. Nenda.

Mke wangu anasema alipiga picha ndani ya gari usiku ule na huenda dashibodi inaonekana. Anaitafuta kwenye simu ya zamani. Nikiipata naiweka hapa.

#53 Neema_wa_Tegeta

Shikamooni wote. Ilikuwa -11.